Satelaiti Huionaje Meli Iliyozama?

Fungua ramani yoyote ya satelaiti, nenda pwani ya Namibia, kisha fuata ufuko kuelekea kusini kutoka Walvis Bay hadi Conception Bay. Katikati ya mchanga, kama mita 400 kutoka maji yanapoishia, kuna umbo jeusi, refu, lililochongoka. Hiyo ni meli ya Kijerumani iitwayo Eduard Bohlen. Tarehe 5 Septemba 1909 ilikuwa safarini kutoka Swakopmund kwenda Cape Town, ukungu ukawa mzito, ikapanda mchanga na haikutoka tena. Hakuna aliyeivuta hadi jangwani. Ufuko ndio uliohama: mchanga umejaa mwaka baada ya mwaka, bahari ikarudi nyuma, meli ikabaki palepale ilipokwama.

Kwa anayeanza kutafuta meli zilizoharibika kwa picha za satelaiti, hiyo ndiyo rahisi kuliko zote, na sababu ni moja tu: haiko majini. UNESCO inakadiria kuwa chini ya maji ya dunia kuna mabaki ya meli zaidi ya milioni 3. Sehemu kubwa ya hizo haitaonekana kwa kamera ya satelaiti hata kamera ikiboreshwa vipi, kwa kuwa kizuizi ni maji yenyewe. Nalisema hili mapema maana mitandaoni wamejaa watu wanaozungushia duara kila doa jeusi baharini na kutangaza hazina. Kazi hii naipenda, na ndiyo maana nataka ieleweke sawasawa. Mara nyingi satelaiti haikuonyeshi meli. Inakuonyesha kile ambacho meli imeyafanyia maji, mchanga, mawimbi na viumbe vilivyo jirani nayo. Anayejua kusoma dalili hizo hupata mengi kutoka kwenye picha ambazo zinatolewa bure kabisa. Asiyejua hubaki kukisia.

Mwanga ukiingia majini

Kamera ya kawaida ya satelaiti hupokea mwanga wa jua uliogonga kitu na kurudi juu. Ili kitu kilicho chini ya bahari kionekane, mwanga lazima ushuke, ukigonge, upande tena, kisha uvuke hewa yote hadi angani. Kila mita ya maji inakatwa mara mbili, wakati wa kushuka na wakati wa kupanda.

Maji nayo hayatendei rangi zote sawa. Miale ya infraredi, ile isiyoonekana kwa macho, humezwa ndani ya mita ya kwanza. Nyekundu hufifia katika mita chache za mwanzo. Buluu na kijani ndizo zinazokwenda mbali, na katika maji maangavu sana zinaweza kufika mita 20 hata 30 na bado zikarudi na habari. Ndiyo maana mwamba wa matumbawe ulio chini kidogo huonekana kama kijani hafifu, na ulio chini zaidi huwa buluu iliyokolea, kisha giza. Kwenye maji ya matope hesabu hiyo haina maana. Mita mbili tu zinatosha kuficha meli nzima.

Udhaifu huo wa infraredi una faida yake. Kwa kuwa bahari huimeza, katika picha ya infraredi maji huwa meusi tii, na chochote kinachochomoza juu ya maji hung'aa: chuma, mchanga, na zaidi ya vyote majani mabichi. Katika ghuba ya Homebush, mjini Sydney, kuna meli ya zamani iitwayo Ayrfield, iliyoundwa mwaka 1911, ambayo mikoko imeota ndani yake hadi ikawa kichaka kinachosimama juu ya maji. Picha ya kawaida inaonyesha doa la kijani ambalo ungeweza kulipita. Ya infraredi haikuruhusu kulipita.

Kisha kuna suala la pikseli, vile viraba vidogo vinavyounda picha. Satelaiti za Landsat za Marekani zina pikseli za mita 30 kwa 30. Sentinel-2 za Umoja wa Ulaya zina za mita 10. Zile za kibiashara zilizo kali zaidi, mfano WorldView-3, hufika sentimita 31. Chukua meli moja halisi tuipime. Jassim ilikuwa feri ya mizigo iliyosajiliwa Bolivia, urefu wake mita 81, iliyopanda mwamba wa Wingate karibu na pwani ya Sudan mwaka 2003 na kuzama. Bahari ya Shamu ni angavu, mwamba hauna kina, kwa hiyo Jassim ni kati ya meli kubwa zaidi zilizozama ambazo unaweza kuziona kwenye Google Earth. Kwa kamera ya sentimita 31, urefu wake unachukua pikseli zaidi ya 250, na unaweza kufuata mzingo wake kwa kidole. Kwa Sentinel-2 ni pikseli 8 tu, zaidi kidogo ya mstari. Kwa Landsat hazifiki hata 3, na kila moja imechanganya chuma, mwamba na maji ikatoa rangi ya wastani. Meli ni ileile, na katika picha hiyo ya tatu haipo.

Hapo wengi hukata tamaa na picha za bure, wakidhani bila kamera ya gharama hakuna cha kufanya. Wataalamu wa Ubelgiji walithibitisha kinyume chake.

Mkia wa tope wa Zeebrugge

Bahari ya Kaskazini iliyo mbele ya bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, haina kina kirefu lakini ni chafu kwa tope mwaka mzima. Mpiga mbizi akishuka pale anaweza asione mkono wake. Chini yake zimelala meli nyingi, baadhi zikiwa za Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 2016 kundi la watafiti, akiwemo Matthias Baeye wa Taasisi ya Kifalme ya Sayansi za Asili ya Ubelgiji, lilichapisha kazi iliyotumia picha 21 za Landsat 8, zile zile za pikseli za mita 30, kuangalia meli nne zilizokuwa tayari zinajulikana mahali zilipo: Sansip, Samvurn, Nippon na Neutron.

Hawakuitafuta meli. Walitafuta tope linalotoka kwake.

Ukisimama ufukweni wimbi likarudi, mchanga huchimbika pembeni ya nyayo zako na unajikuta unazama kidogo kidogo. Mkondo ukigonga kitu kigumu kilichosimama, hujipinda kukizunguka, hupata kasi na kuanza kuchimba. Meli iliyolala chini hupata mashimo ya namna hiyo kandokando yake. Maji yanapotulia kati ya kujaa na kupwa, tope laini lililokuwa linaelea hushuka na kutulia mashimoni. Mkondo unapoanza tena kwenda mbio, tope lile lile hufumuliwa na kupandishwa juu, na kwa kuwa bahari pale haina kina, linafika usoni. Linapofika usoni, satelaiti inaliona: mstari mweupe-kahawia unaoanzia nukta moja na kuvutwa upande ambao mkondo unakwenda.

Mikia ya Sansip na Samvurn iliweza kufuatwa hadi kilomita 4. Fikiria hesabu hiyo. Meli hizo mbili ni za aina ya Liberty, zenye urefu wa mita 135 hivi, yaani pikseli zisizofika 5 za Landsat, na hata hizo hazionekani kwa sababu ya tope. Mkia wa kilomita 4 ni pikseli zaidi ya 130. Kile kile kilichoificha meli, tope, ndicho kinachoitaja.

Kuna jambo jingine katika kazi ile ambalo nadhani ni la thamani kuliko hata urefu wa mikia. Watafiti walilinganisha kila picha na hali ya maji ya saa ile ile: yanajaa au yanakupwa, mkondo una kasi gani, unaelekea wapi. Maji yakijaa, mkia unapaswa kulala upande mmoja. Yakikupwa, ugeuke upande wa pili, huku chanzo chake kikibaki palepale. Tope la mto halifanyi hivyo. Tope lililofumuliwa na meli inayopita halifanyi hivyo pia, kwa kuwa chanzo chake kinatembea. Nukta isiyohama, yenye mkia unaogeuka na maji, ina kitu kigumu chini yake. Kinaweza kuwa mwamba, bomba au nguzo, na hapo ndipo chombo chenye sona, kifaa kinachopima kwa mawimbi ya sauti majini, kinapotumwa kwenda kuhakikisha. Lakini badala ya kupima bahari nzima, chombo kinakwenda kwenye nukta.

Ifahamike pia kwamba njia hii ina masharti. Inahitaji tope, mkondo wa kujaa na kupwa, na kina kidogo. Kwenye Bahari ya Shamu haifanyi kazi, kwa sababu hakuna tope la kufumuliwa. Kwenye Bahari ya Kaskazini njia ya kuona umbo la meli haifanyi kazi, kwa sababu tope ni jingi. Kila bahari ina namna yake ya kuuliza.

Rada, mafuta na tarehe

Mawingu na usiku huzima kamera. Rada haijali vyote viwili. Satelaiti za Sentinel-1 hutuma mawimbi yao wenyewe na kupima yanayorudi. Bahari yenye vijiwimbi vya upepo hurudisha kiasi fulani. Chuma kilichosimama wima juu ya maji hurudisha mengi sana, kwa kuwa wimbi hugonga maji, likagonga ubavu wa meli, likarudi moja kwa moja lilikotoka. Kwa hiyo meli huwa nukta nyeupe inayong'aa juu ya kijivu.

Nukta moja katika picha moja haina maana yoyote. Inaweza kuwa meli ya uvuvi, tishari, hata boya kubwa. Ila weka picha za miezi sita mfululizo. Meli inayosafiri haitakuwepo katika picha ya pili. Iliyotia nanga itakuwepo lakini itageuka, omo ikifuata upepo au mkondo. Iliyokwama itakuwa palepale, imeelekea kule kule, picha baada ya picha. Rada haipenyi maji hata kidogo, kwa hiyo njia hii ni ya meli iliyobakiza sehemu juu ya maji tu.

Inayovuja mafuta huonekana hata ikiwa imezama kabisa. Utando wa mafuta hulaza vijiwimbi vidogo, bahari ikawa laini, na bahari laini huakisi mawimbi ya rada kwenda mbele badala ya kuyarudisha. Utando unatokea kama doa jeusi. Utando mwembamba unaotokea mara kwa mara, ukianzia nukta ile ile, una chanzo chini. Si lazima kiwe meli, maana kuna mafuta yanayovuja yenyewe kutoka kwenye sakafu ya bahari, lakini ni dalili inayostahili kufuatwa.

Meli ya mizigo Rubymar ni mfano wa karibuni. Ilipigwa kombora na Wahouthi wa Yemen tarehe 18 Februari 2024, ikaachwa na mabaharia wake, ikaelea siku kadhaa huku picha za satelaiti zikionyesha utando wa mafuta wenye urefu wa kilomita 29 hivi ukiifuata. Ilizama tarehe 2 Machi. Siku kumi na mbili au zaidi dunia ilitazama kutoka juu meli yenye shehena ya mbolea ikienda chini taratibu, na waliokuwa na hofu zaidi ni wavuvi wa pwani ile, ambao hawakuwa na la kufanya.

Februari hiyo hiyo, upande wa pili wa dunia, ilitokea kesi iliyoonyesha vizuri zaidi nguvu ya tarehe. Tarehe 7 Februari 2024 chombo kikubwa kilichopinduka kilikutwa kwenye mwamba karibu na kisiwa cha Tobago, kinavuja mafuta, hakuna mtu ndani, hakuna aliyejitokeza kusema ni chake. Jina Gulfstream lilisomeka ubavuni. Wachunguzi wa Bellingcat, kundi la wanahabari wanaochunguza kwa picha na taarifa zilizo wazi, miongoni mwa wengine, walirudi kwenye picha za satelaiti za siku zilizotangulia ajali, wakaangalia njia, na picha zikaonyesha chombo kikikokotwa. Kilikuwa tishari, na boti iliyokuwa ikikivuta ikatambuliwa kuwa Solo Creed. Bila picha za siku za nyuma, kungebaki chuma kilichopinduka na ufuko mweusi. Nafikiri wengi hatujazingatia jambo hili: satelaiti inapiga picha kabla hujajua kwamba utaihitaji. Ghala la picha za Landsat linarudi nyuma hadi mwaka 1972. Ukiona kitu leo kwenye mwamba, unaweza kurudi nyuma mwaka kwa mwaka hadi upate picha ambayo hakipo, na ajali yako imepata umri.

Mauritius, Julai na Agosti 2020

Meli ya Wakashio, yenye urefu wa karibu mita 300, ilipanda mwamba wa Pointe d'Esny kusini-mashariki mwa Mauritius tarehe 25 Julai 2020. Kwa ukubwa ule hakuna satelaiti iliyoikosa. Hata Landsat ingeipa pikseli 10.

Ukizipanga picha za wiki zile unaona kisa kizima. Kwanza meli imekaa juu ya mwamba, maji yaliyo kati ya mwamba na ufuko ni ya kijani kibichi, hakuna doa. Mawimbi ya bahari kuu yanavunjika upande wa nje na upande wa ndani kumetulia, maana ubavu wa meli umekuwa ukuta. Tarehe 6 Agosti mafuta yanaanza kuvuja, na katika picha zinazofuata kuna mkono mweusi ulioingia kwenye maji hayo ya ndani na kuinama kufuata mkondo kuelekea kwenye mikoko. Kufikia katikati ya Agosti meli imekatika vipande viwili. Tarehe 24 Agosti kipande cha mbele kilikuwa kimevutwa na kuzamishwa bahari kuu. Cha nyuma kikabaki mwambani muda mrefu baadaye.

Tani zipatazo 1,000 za mafuta ziliingia baharini. Kati ya kukwama na kuvuja zilipita siku 12, na katika siku zote hizo picha zilikuwepo. Inauma kuzitazama kwa mpangilio, kwa sababu zinaonyesha wazi kwamba kuona hakukuwa tatizo hata siku moja. Waliookoa kilichookoleka ni watu wa kisiwa wenyewe, waliojaza majani ya miwa kwenye vitambaa na magunia na kuyafunga pamoja yawe vizuizi vya kuelea.

Madhara ya meli kwenye matumbawe hayaishi mafuta yakiondoka. Kwenye kisiwa cha Palmyra, katikati ya Pasifiki, meli ya uvuvi iliyozama mwaka 1991 iliacha chuma kinachooza. Maji ya huko yana chuma kidogo sana kwa asili, na chuma kile kilipoongezeka, viumbe jamii ya matumbawe yasiyojenga mwamba vilisambaa na kufunika matumbawe hai. Mahali pengine katika visiwa vya eneo hilo wanasayansi wameeleza miamba iliyogeuka rangi na kuwa myeusi kuzunguka mabaki ya chuma. Kwa anayetafuta kwa picha, doa jeusi kwenye mwamba mweupe ni dalili. Kwa mwamba wenyewe ni ugonjwa.

Vinavyodanganya

Ukitazama pwani ya mashariki ya Unguja, mbele ya Paje na Jambiani, utakuta mistatili mingi iliyopangika kwenye maji ya kina kifupi, mingine mirefu na myembamba. Ni mashamba ya mwani: vigingi, kamba na mwani uliofungwa, yakitunzwa zaidi na akina mama. Mtu asiyeijua pwani hii akiona mstatili mweusi chini ya maji anaweza kuapa kuwa ni meli. Huo ndio udhaifu mkubwa wa kutafuta kwa picha ukiwa mbali. Mistari iliyonyooka haipatikani sana katika maumbile, kwa hiyo jicho huikimbilia. Lakini binadamu huweka mistari iliyonyooka baharini kwa sababu nyingi, na kuzama ni moja tu. Nyuzio za kuvulia samaki, mabomba, mifereji iliyochimbwa kupitisha mashua, vyote huonekana.

Google Earth nayo ina mitego yake. Mbali na pwani, bahari unayoiona humo mara nyingi si picha kabisa. Ni mchoro wa sakafu ya bahari uliotengenezwa kutokana na vipimo, na mistari mirefu inayokatiza ni njia za meli zilizopima. Hakuna barabara za kale kule. Karibu na pwani, picha kadhaa za siku tofauti huunganishwa, na ndege iliyokuwa inapaa wakati wa picha moja hutokea imefifia, kana kwamba imelala chini ya maji. Habari za ndege zilizozama zilizogunduliwa hivyo zimesambaa mara nyingi.

Dawa ni ile ile: tazama tarehe nyingine. Ndege haitakuwepo. Mwani utakuwa umevunwa na shamba limesogea. Meli itakuwepo.

Pasipoonekana kitu

Kutafuta meli kutoka juu hakukuanza na satelaiti, na moja ya sura zake za mwanzo iko Tanzania. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Waingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar, tarehe 20 Septemba, kisha ikarudi kujificha ndani ya delta ya Rufiji. Waingereza waliizingira delta lakini mikoko ilificha kila kitu. Wakamleta rubani wa kiraia, Dennis Cutler, na ndege yake ya kutua majini, na mwezi Novemba 1914 aliiona kutoka angani. Julai 1915 ndege zilizoruka kutoka Mafia ziliongoza mizinga ya meli mbili za Kiingereza kwa kutazama makombora yanapoangukia, na tarehe 11 Julai Wajerumani wenyewe wakaizamisha manowari yao mtoni.

Kwa miaka mingi ganda lake lilionekana kwa macho. Lilikatwa vyuma, likaoza, na katika miaka ya 1960 lililobaki likadidimia katika matope ya mto. Leo chukua picha kali kuliko zote ya Rufiji: kuna mikoko, mafungu na maji ya kahawia. Mahali panajulikana, historia inajulikana, na satelaiti haina la kusema.

Mombasa ni hivyo hivyo. Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mwaka 1697 mbele ya Ngome ya Yesu wakati Waomani wameizingira, ililala chini ya tope la bandari hadi wapiga mbizi walipoichimbua kati ya mwaka 1977 na 1980. Vitu vyake vimo katika makumbusho ya Ngome. Mbao zilizofunikwa na tope hazina ubavu wa kurudisha rada, hazivuji mafuta, hazisimami kwenye mkondo. Nani angezijua kwa picha?

Na huko kwenye kina ni mbali zaidi. Titanic iko kama mita 3,800 chini. Ilipatikana mwaka 1985 kwa kamera iliyovutwa karibu na sakafu ya bahari. Endurance, meli ya mvumbuzi wa Antaktika Ernest Shackleton, ilipatikana Machi 2022 katika kina cha mita 3,008 kwenye Bahari ya Weddell, na aliyeiona ni roboti wa majini. Kazi ya satelaiti katika msako ule ilikuwa kuonyesha barafu ilivyokaa ili meli ya utafutaji ipate njia. Sehemu kubwa ya sakafu ya bahari bado haijapimwa kwa sona. Mwaka 2024 iliyokuwa imepimwa vizuri ilikuwa kidogo zaidi ya robo.

Katikati, kati ya maji ya mwambani na kina kirefu, kuna chombo kingine: laida, yaani miale ya leza inayorushwa kutoka kwenye ndege na kupima kina cha maji mita kwa mita. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin, wakishirikiana na Jeshi la Majini la Marekani, walieleza jinsi walivyoifundisha kompyuta kutambua meli zilizozama katika ramani za laida na sona, ikapata kwa usahihi wa asilimia 92. Kompyuta ile ilifundishwa kwa meli zinazojulikana tayari. Hakuna namna ya kulikwepa hilo: kila njia mpya hujaribiwa kwanza kwa meli ambazo wavuvi na mabaharia walishaziweka kwenye ramani.

Kabla ya kutangaza

Novemba 2016 iligundulika kuwa manowari za Kiholanzi zilizozama katika Bahari ya Java mwaka 1942, ikiwemo De Ruyter, zilikuwa zimetoweka. Wezi wa vyuma walikuwa wamezibeba kipande kwa kipande, pamoja na mabaki ya mamia ya watu waliokufa ndani yake. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 unalinda urithi uliokaa chini ya maji kwa miaka 100 au zaidi, na za Java hazikuwa zimefikia umri huo.

Kwa hiyo nikikutana na mtu aliyeweka hadharani mahali hasa palipo mabaki aliyoyaona kwenye picha, naona hatari kabla ya kuona ugunduzi. Kule Pearl Harbor, Hawaii, umbo la manowari ya Kimarekani Arizona linaonekana waziwazi kutoka juu, chini ya jengo jeupe la kumbukumbu, na ni kaburi la wengi kati ya watu 1,177 waliokufa melini mwaka 1941, lina walinzi. Meli nyingi hazina. Peleka habari kwanza kwa mamlaka ya bandari au idara ya mambo ya kale ya nchi husika. Chuma kilichokwama karibuni ni hatari kwa mashua zinazopita usiku, na mabaki ya zamani ni ya watu wa pale.

Anayetaka kujaribu katika pwani yetu ana bahati moja ambayo wengi hawaijui. Zanzibar, siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hukupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Sentinel-2 hupita juu yetu kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Siku za maji mafu mambo hugeuka, na saa hiyo hiyo huwa maji yamejaa. Picha mbili za mwamba ule ule, moja ya bamvua na nyingine ya maji mafu, zinaweza kutofautiana kwa mita kadhaa za kina, na kwa mwanga wa jua hiyo ni tofauti kubwa. Bamvua lenyewe lina mkondo mkali unaofumua tope, kwa hiyo si kila picha ya maji ya kupwa itakuwa safi. Masika ondoa kabisa: mawingu juu, tope la mito chini. Picha zote za Sentinel-2 tangu mwaka 2015 zinapatikana bure kwenye tovuti ya Copernicus Browser. Chukua kalenda ya mwezi, weka tarehe za bamvua za miezi ya ukavu, anza na mwamba ambao wavuvi wa kijijini kwako tayari wanajua kuna meli juu yake, uone inavyotokea katika picha unayoijua kabla hujaenda kwenye usiyoijua.